Somo la Tisa: Maisha katika Kijiji Kidogo Mbali na Ziwa

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Ngara na Biharamulo. Yamechapishwa ili yasomwe tena darasani, polepole na kwa sauti.)

Ninyi mliosikiliza redioni mtayakuta maneno haya hapa kama yalivyosemwa. Na ninyi ambao betri ziliwaishia, au mvua ilipiga bati hata msisikie neno, someni bila wasiwasi. Hamkukosa kitu.

Katika masomo yaliyopita tulisoma habari za miji, za bandari na za reli. Leo tutasoma habari za kijiji. Labda mmoja wenu atasema, "Kijiji nakijua, nimezaliwa humo. Utanifundisha nini?" Ni kweli. Lakini mtu anaweza kukaa katika nyumba miaka 40 asijue ni nani aliyeijenga, wala kwa nini mlango wake unatazama upande ule. Basi leo tutaitazama nyumba yetu kana kwamba sisi ni wageni tuliofika jana kwa basi.

Kijiji chenyewe sitakitaja jina, maana vinavyofanana nacho ni vingi. Kinaweza kuwa juu ya kilima upande wa Rulenge, au pembeni mwa pori upande wa Nyakahura. Kila mtu aweke jina la kwake.

Kwanza tujue tuko mahali gani. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima na mabonde, na baridi ya asubuhi yake mnaijua. Mto Ruvubu unatoka Burundi, unapita katika nchi yetu, na huko Rusumo unakutana na maji yanayotoka Rwanda. Hapo ndipo Mto Kagera unapoanguka katika maporomoko. Kutoka hapo maji yanakwenda Ziwa Victoria, kisha yanaingia katika Mto Naili, na mwisho yanafika Misri na bahari ya kaskazini. Mwenye kuchota maji Ruvubu anachota maji ambayo mtu wa Misri atayanywa baadaye, kama hayatakauka njiani.

Biharamulo ni chini kidogo, nayo ina pori kubwa. Zamani wilaya hii ilifika mpaka ziwani. Wilaya ya Chato ilipomegwa, na baadaye, mwaka 2012, ilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Geita, Biharamulo ilibaki bila ufuko. Kwa hiyo leo wilaya zote mbili ni za bara kabisa. Samaki hutufikia wakiwa wamekaushwa, na bei yao imekauka pia.

Sasa tuulize: kwa nini kijiji kipo pale kilipo? Hili ni swali kubwa kuliko linavyoonekana.

Wazee wa zamani hawakukaa kwa kusongamana. Kila mji ulikuwa katikati ya migomba yake, na mji wa pili ulikuwa mbali kidogo, juu ya mgongo mwingine wa kilima. Ng'ombe walikuwa wengi. Walikula majani na kuzuia vichaka visiote, na watu walichoma nyasi kwa majira. Ndipo ukaja ugonjwa wa sotoka. Uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe wengi mno, na nyati na wanyama wengine wa porini pia. Baada ya ng'ombe kufa ilifuata njaa, na ndui nayo ikapita. Watu walipopungua, vichaka vilirudi katika mashamba. Wanyama wa porini waliposhika tena nchi, mbung'o waliwafuata.

Hapa msome polepole, maana watu wengi hawalijui jambo hili. Ng'ombe na mashamba ndivyo vilivyokuwa ngome yetu. Ngome ilipobomoka, mbung'o waliingia. Na mbung'o anabeba vijidudu vya nagana kwa ng'ombe, na vya malale kwa binadamu. Mtu wa malale huanza na homa na maumivu ya kichwa. Baadaye husinzia mchana, usiku hakupatikani usingizi, akili hubadilika, na asipotibiwa hufa. (Sotoka yenyewe imekwisha duniani. Mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba haipo tena mahali popote. Mwenye ng'ombe na ashukuru.)

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, na watu wa Biharamulo wakiwamo, ikawaweka katika makazi makubwa ya pamoja. Shabaha ilikuwa watu wawe wengi mahali pamoja, wafyeke pori na kulizuia lisirudi. Mbung'o hapendi mahali peupe palipolimwa. Kwa kweli kazi hiyo iliokoa watu wengi. Lakini watu waliacha migomba yao, makaburi ya wazee wao na visima vyao, na nyuma yao pori likazidi kukua. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iliyokuwa tupu ilifanywa mapori ya akiba ya wanyama, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa hiyo mnapoona kibao cha hifadhi kando ya barabara, msidhani hapo hapakuwa na mtu tangu Mungu aumbe dunia.

Mara ya pili watu walihamishwa ni wakati wa vijiji. Azimio la Arusha lilitolewa mwaka 1967, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini. Mwanzo ilikuwa hiari. Mwezi wa Novemba 1973 ikawa amri: ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Mwaka 1975 ikatungwa Sheria ya Vijiji. Palipokuwa na migomba minene na watu wengi, mara nyingi kijiji kiliandikishwa palepale watu walipo. Pengine watu walisogezwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari.

Shule na zahanati zilikuja kwa sababu ya vijiji, na hilo ni jema, silikatai. Walakini mgomba si muhindi. Muhindi ukihama utapanda mwingine mvua ijayo. Shamba la migomba lililotiwa samadi na majani miaka 30 haliwezi kubebwa kichwani. Mimi naona kasoro ya mara zote mbili ilikuwa moja: wenye kuhamishwa hawakuulizwa. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia tukifika habari za mkutano.

Twende sasa ndani ya mji wenyewe. Zamani nyumba ilikuwa ya msonge, imeezekwa nyasi mpaka chini. Siku hizi nyingi ni za matofali ya kuchoma na bati. Nyumba ya bati haivuji wala haishiki moto upesi. Lakini matofali yanachomwa kwa kuni, na tanuri moja linameza miti mingi. Juu ya bati utaona sola ndogo ya kuwasha taa na kuchaji simu. Katika maporomoko ya Rusumo pamejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, nao unagawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya zinapita juu, na vijijini watu wanazitazama. Nyingine zimeshuka, nyingine bado.

Kuizunguka nyumba kuna migomba. Chini ya migomba kuna maharage na mibuni. Kahawa ya vilima vya Bugufi huko Ngara ni arabika, si kama ile robusta ya Bukoba. Mbele zaidi kuna mihogo, mahindi na mtama. Chakula cha jioni ni ndizi na maharage, au ugali wa muhogo na mboga, nyama siku ya sikukuu. Watoto wakila ndizi na muhogo peke yake wanashiba, lakini hawajengi mwili. Maharage ndiyo nyama yao. Mama anayeuza maharage yote sokoni ili anunue soda kwa ajili ya wageni anafanya biashara mbaya, hata kama soda ni baridi.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye migomba, kwa sababu imepata adui.

Adui huyu anaitwa mnyauko. Ulionekana Uganda mwaka 2001, na katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 2006. Unaletwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo ambavyo jicho halivioni. Dalili zake ni hizi. Majani yanageuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, linanyauka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja imeiva na jirani yake mbichi, na ukiikata ndani ni nyeusi au ya kahawia. Ukikata shina linatoa usaha wa njano. Mkungu huo haufai kwa chakula, wala kwa pombe.

Nimekwenda katika mji mmoja ambapo bibi wa miaka mingi alinionyesha migomba iliyolala chini yote. Akaniambia, "Mwanangu, shamba hili lilinizika waume wawili, nikadhani litanizika na mimi. Sasa mimi ndiye ninalizika." Hakulia. Alikuwa amekwisha kupanda mihogo kati ya visiki. Mihogo nayo ina magonjwa yake, batobato na michirizi kahawia, lakini hayo tutayaacha kwa siku nyingine.

Mnyauko hauna dawa ya kupuliza. Anayekuuzia chupa ya dawa ya mnyauko ni mwizi, mwacheni apite. Lakini una njia zake, na ukizijua njia utaziziba. Njia ya kwanza ni ua. Nyuki na wadudu wengine wanaonja ua la mgomba mgonjwa, kisha wanaruka kwenda kwa mzima. Ndizi za pombe zinapata taabu zaidi, maana wadudu wanazipenda sana. Kwa hiyo, mara chane ya mwisho inapokwisha kutokeza, livunje ua hilo. Usilikate kwa panga. Tafuta mti mrefu wenye panda juu, ulinase ua kwenye panda, uzungushe mpaka livunjike. Mtoto wa miaka kumi anaweza kazi hiyo, na kuni ya kutengeneza mti huo haina bei.

Njia ya pili ni panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba ugonjwa kama kijiko cha mgonjwa wa kifua kikuu zamani tulivyokiogopa. Lipitishe motoni mpaka liwe la moto barabara, au lioshe kwa jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hapa ndipo ugomvi unapotokea, kwa sababu vijijini panga linaazimwa. Jirani akija kuazima, mpe, lakini mpe pamoja na kijinga cha moto. Asikasirike. Na kibarua anayekuja kupalilia na panga lake kutoka kitongoji kingine, mwambie alichome kwanza mbele yako.

Njia ya tatu ni miche. Usichukue chipukizi katika shamba usilolijua, hata kama ni la shemeji. Na mgomba ulioshikwa ukatwe chini kabisa, upesi, palepale unapoonekana, bila kungoja Bwana Shamba. Mbuzi na ng'ombe wasiachwe kutafuna majani yake na kuzunguka shambani. Jambo gumu ni kwamba ukifanya wewe peke yako jirani yako asifanye, umefanya nusu ya kazi. Nyuki hajui mpaka wa shamba.

Nimesema mengi juu ya migomba. Juu ya maji nitasema kwa hesabu, maana somo letu ni la kusoma na kuhesabu pia. Chukueni penseli.

Nyumba ina watu 6. Kila mmoja anahitaji lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, kwa kubana sana. Sita mara kumi na tano ni lita 90. Dumu moja ni lita 20. Kwa hiyo madumu manne hayatoshi, na la tano linabaki na nafasi. Kila dumu likijaa lina uzito wa kilo 20, na dumu lenyewe juu yake. Kama chemchemi iko bondeni, kwenda na kurudi ni saa moja, na kupanda na mzigo mnajua kulivyo. Madumu matano ni saa tano. Nani anazitumia saa hizo tano? Wanaume, msitazame dari. Ni mama na binti zake, na binti ndiye anayefika shuleni amechelewa, mwalimu akamuuliza kwa nini.

Mwaka 1971 serikali iliweka mpango wa miaka 20, kwamba kufikia mwaka 1991 kila mtu apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipita. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema tena mita 400, lita 25 kwa kila mtu kwa siku, na bomba moja kwa watu 250. Tangu mwaka 2019 kazi ya maji vijijini ni ya wakala wa serikali uitwao RUWASA, na kwenye kijiji kunakuwa na chombo cha watumiaji maji kinachokusanya fedha na kutengeneza pampu. Kijiji chetu cha leo kina pampu moja. Imeharibika mara tatu. Mara mbili ilitengenezwa kwa siku chache kwa sababu fedha zilikuwapo na daftari lilionyesha zilipo. Mara ya tatu imekaa kimya miezi saba. Fedha zilikusanywa, daftari halionekani. Wanakisomo, nani kati yenu amewahi kuomba kulisoma daftari hilo?

Maji ya bondeni yachemshwe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifanywa kwa redio kama sisi tunavyofanya sasa. Watu zaidi ya milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Wazee wenu wengine walikuwamo. Waulizeni.

Kijiji chetu kimepata wageni pia, na wageni hao hawakuwa wachache. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari huko Rwanda, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Fikirini. Walifika na godoro, sufuria, mtoto mgongoni, na wengine bila chochote. Kambi kubwa ikawa Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Muda si mrefu wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi walikaa zaidi, na kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008.

Ukiuliza watu wa Ngara juu ya miaka ile utapata majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Mmoja atakuambia aliuza ndizi zake kwa bei ambayo hajaipata tena, akapata vibarua wa kumlimia, akaezeka bati. Wa pili atakuambia mihogo yake iling'olewa usiku na mbuzi wake waliibwa. Wa kwanza mara nyingi alikuwa na shamba kubwa na afya. Wa pili alikuwa mjane, au mzee, au kijana aliyekuwa akiishi kwa kibarua, ambaye sasa mshahara wake ulishuka. Jambo moja wote wanakubali: kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vilibaki na visiki, na akina mama waliokuwa wakiokota kuni karibu na nyumba wakawa wanakwenda mbali. Barabara na zahanati kadhaa zilitengenezwa kwa fedha zilizokuja na wakimbizi. Radio Kwizera ya Ngara nayo ilianzishwa wakati ule, mwaka 1995. Miaka iliyofuata ilikuwa ya hofu ya majambazi wenye bunduki, hata mabasi ya Biharamulo na Ngara yalipita porini yakisindikizwa na polisi. Leo daraja jipya la Rusumo lipo, lilifunguliwa mwaka 2016, na malori yanapita usiku na mchana. Kijijini tunayasikia tu yakiunguruma.

Nimeacha jambo la ardhi mwisho kwa makusudi.

Zamani nchi ilikuwa kubwa na watu wachache. Sasa baba mwenye ekari tatu ana wana watano. Wafugaji wanashuka na ng'ombe wao kutafuta malisho, hifadhi ina mpaka wake, na watu wa mbali wanakuja na magari wakitafuta mashamba makubwa. Kwa hiyo karatasi imekuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa zamani za ushahidi wa mzee na mti wa mpakani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Namba 5 ya mwaka 1999. Inasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri ina wajumbe kati ya 15 na 25. Lakini haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni ninyi: kila mtu wa miaka 18 na zaidi anayekaa hapo. Mkutano huo hufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, nao husomewa mapato na matumizi. Sheria inatoa pia hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu mbele ya sheria hii. Wajane, isomeni sentensi hiyo mara mbili. Ugomvi ukitokea, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji la kupatanisha. Lina watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Sasa sikilizeni lililotokea katika kijiji kimoja. Watu waliitwa kwenye mkutano chini ya mwembe, wakaambiwa ni habari za shule. Zilizungumzwa habari za shule kweli. Mwisho ikapitishwa karatasi, ikasemwa, "Haya ni mahudhurio, kila mtu atie sahihi." Wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Karatasi ilizunguka mpaka ikamfikia mama mmoja aliyekuwa na miezi minane katika kisomo. Alikuwa bado anasoma kwa kufuata kidole. Badala ya kutia dole akaanza kusoma kichwa cha karatasi. Jirani yake akamsukuma: "Mama, harakisha, mvua inakuja." Akaendelea. Neno la kwanza, "majina." La pili, "ya." La tatu lilimchukua muda, akalisoma silabi kwa silabi kwa sauti, na watu wakaanza kunyamaza: "wa-na-ki-ji-ji." Halafu: "wa-li-o-ku-ba-li ku-to-a e-ne-o."

Mzee mmoja akauliza, "Kutoa eneo gani?" Hakuna aliyejibu upesi. Karatasi ilikuwa imekwisha kukusanya madole zaidi ya 60. Mwenyekiti alisema ni makosa ya uchapaji. Huenda ni kweli, mimi sikuwamo moyoni mwake. Watu waliomba karatasi isomwe yote, ikaonekana ni eneo la bondeni, pamoja na chemchemi. Hawakupigana. Walisema wasiotaka wafute majina yao, na kila mtu akaja kutafuta dole lake. Hapo ikawa taabu, kwa maana nani anaweza kulitambua dole lake kati ya 60? Waliokuwa wameandika majina walikuwa watu 14 tu, nao walifuta mara moja. Mwisho mkutano uliamua karatasi nzima ichanwe mbele ya wote, na muhtasari mpya uandikwe na kusomwa kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi.

Darasa la kisomo la kijiji hicho lilikuwa na watu 11. Wiki iliyofuata walikuja 37, na mwalimu hakuwa na chaki ya kutosha.

Kwa kazi ya wiki hii, mwalimu aandike ubaoni maneno haya: mahudhurio, muhtasari, mapato, matumizi, halmashauri, hakimiliki, kibali. Kila mwanakisomo ayasome, ayanakili, na aseme maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Halafu nendeni watatu watatu mpaka kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kama taarifa ya mapato na matumizi ya miezi mitatu imebandikwa, nakilini jumla yake na mje nayo darasani. Kama haikubandikwa, mwulizeni Mtendaji kwa heshima ni lini itabandikwa, na jibu lake mliandike pamoja na tarehe.

Wenye migomba waje na mti wenye panda. Tutapimana urefu.